Ujumbe Wako ni Muhimu Kwetu

Jana usiku mwanangu wa darasa la sita alichukua simu yangu kutafuta mchezo, akaishia kwenye barua pepe. Mtoto mwenye haya angezisoma kimya. Huyu alizisoma kwa sauti, tena akizitafsiri kutoka Kiingereza papo hapo, mbele ya shemeji yangu na mumewe waliofika mchana kutoka Morogoro na ambao walikuwa bado wanakula. Miaka yote hii nalipa ada ya shule ya Kiingereza nikingoja faida yake. Sikujua itafika siku ya wageni.

"'Kaka yangu mpendwa,'" alisoma, "'nashukuru kwa kunijibu haraka hivi. Siyo kawaida watu wa huko kutujali sisi wa huku.'"

Akashusha kidole. "'Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako ni muhimu kwetu. Tutakujibu ndani ya saa 24 hadi 48.'"

"'Usijali kaka, najua kazi ni nyingi. Poleni na majukumu.'"

"'Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako ni muhimu kwetu.'"

"'Hata mimi nimechelewa kukuandikia, nilimpeleka mama hospitali, mguu unamsumbua.'"

"'Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe...' Baba, huyu mtu mbona anakujibu maneno yale yale?"

Mwanyumba wangu anafanya kazi benki, mashine akiiona anaijua. Aliweka kijiko chini taratibu, akafuta mdomo. "Mwanyumba," akasema kwa sauti ya msibani, "hiyo ni kompyuta."

Pakapita kimya. Kisha shemeji akauliza kama hiyo kompyuta ilimpa mama pole ya mguu, na hapo chakula kikawapalia wote. Ninapoandika haya bado wako sebuleni, na kila nikikatiza kwenda jikoni kuna mtu ananiambia kwamba ujumbe wangu ni muhimu kwao.

Ninachosema ni hiki: chini ya zile barua palikuwa na jina la kwanza la mtu na picha ya mzungu anayecheka, amemkumbatia kuku mwekundu. Mtu akikuandikia kwa jina lake, na kuku wake, unamjibu. Nyumbani kwetu nilifundishwa hivyo. Kama huko kwao wamemfundisha kuku kushika nafasi ya mtu, aulizwe aliyemfundisha.

Huyo bwana anauza ramani za mabanda ya kuku. Siyo mabanda, ramani tu: kitabu cha kupakua kwenye simu au kompyuta, dola 37. Na yeyote atakayemletea mteja anapata asilimia 75. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya, kwamba 75 ni yake. Hapana. Anayetunga, anayechora na anayefuga kuku wa kupigia picha anabaki na robo, na aliyetupia linki anachukua robo tatu. Baada ya makato yote ni zaidi ya dola 20, yaani zaidi ya shilingi elfu hamsini kwa kichwa kimoja. Na mimi ni msimamizi wa grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, watu wa Kibaha, Chanika, Mbagala na Kigamboni, ambao nusu yao walijiunga kwa ajili ya kuku na nusu kwa ajili ya kututumia picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema". Nilipiga hesabu kitandani kwa kikokotoo cha simu. Nilipofika kwenye kununua kiwanja, mke wangu akaniambia nizime taa.

Lazima nieleze mambo haya yanavyofanya kazi, kwa sababu yamenikosesha usingizi hata pale ambapo hela haikuhusika.

Biashara ya kumlipa mtu kwa kila mteja aliyemleta mtandaoni ilianza na maua. Mwaka 1989, kabla wengi wetu hatujaiona kompyuta, Mmarekani aitwaye William Tobin alianza kuuza maua na zawadi kupitia mtandao wa Prodigy, na Prodigy wakawa wanapata kamisheni kwa kila shada lililouzwa. Mwaka 1996 Amazon wakaja na mpango wao, na tangu hapo mtu yeyote mwenye tovuti na uso mkavu anaweza kuwa mpiga debe wa duka asilolijua mlango.

Muuzaji anakupa linki. Kwa macho ni anwani ya kawaida, ila mkiani kuna jina lako. Mteja akiibonyeza haendi dukani moja kwa moja. Anapitishwa kwanza, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kwenye kompyuta ya soko, yaani tovuti inayowakutanisha wauzaji na wapiga debe, na kompyuta hiyo inaacha ndani ya kivinjari chake kijifaili cha maandishi kinachoitwa kuki. Kuki aliibuni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, ili duka la mtandaoni likumbuke mteja ametia nini kikapuni. Kabla ya hapo tovuti zilikuwa na usahaulifu wa kutisha. Kila ukurasa uliofungua, duka lilikuona kama mgeni: umetia viatu kikapuni, umegeuka kutafuta soksi, ukirudi hakuna kikapu, hakuna viatu, na muuzaji anakuuliza wewe nani.

Dalali wa nyumba wa Dar es Salaam alishamaliza tatizo hilo zamani, bila Netscape. Anakupeleka Sinza kuona chumba na sebule, unajifanya hujakipenda, wiki ya pili unarudi peke yako kwa mwenye nyumba kupitia uchochoro wa nyuma, na dalali yupo pale kwenye genge la nyanya, amekaa, anakungoja akudai kodi ya mwezi mmoja. Kuki ndiyo dalali huyo, ila amehamia ndani ya simu ya mteja na hali chakula.

Tatizo ni umri wa kuki. Ya Amazon inaishi saa 24. Mteja akitia kitu kikapuni ndani ya saa hizo basi anaweza kukilipia mradi siku 90 hazijaisha, na wewe ukahesabiwa, lakini akisema "ngoja nimuulize mume wangu", na mume yuko safarini, kuki inakufa kabla mume hajafika Chalinze. Masoko mengine yanakupa siku 60. Tena kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba anayelipwa ni yule aliyebonyezewa mwisho. Yaani mimi nihubiri mabanda mwezi mzima, nieleze upepo, nieleze panya, nitume sauti za dakika nane nane, halafu dakika ya mwisho mteja aguse linki ya kijana mmoja aliyeandika neno moja tu, "Jipatie", na hela yote iende kwa kijana. Mambo hayo yakitokea Sinza yanafika kwa mjumbe.

Na kuki haihami. Inakaa kwenye simu ile ile iliyobonyeza. Sasa watu wa grupu langu hawabonyezi. Mama wa Mbagala akiona kitu kizuri anapiga picha ya skrini, anamtumia mdogo wake aliyeko Arusha, mdogo wake anaipeleka kwa kijana wa steshenari, na huyo kijana ndiye mwenye kadi ya kulipia mtandaoni. Kijana anaandika jina la kitabu kwenye Google, ananunua, anachapa, anajalidi. Mnyororo mzima umetimia, muuzaji kauza, mama kapata ramani, steshenari wamepata ya kujalidi, na kuki yangu imebaki peke yake Mbagala kwenye simu ambayo haikununua kitu. Hayo nilikuwa tayari kuyavumilia.

Kabla ya kuwapelekea watu kitabu nilikinunua mwenyewe, kwa hela yangu, tena bila kupitia linki yangu kwa sababu masharti yanakataza mtu kujilipa kamisheni. Kilikuwa kitabu kizuri. Michoro safi, kila ubao una namba, kila msumari umehesabiwa. Nikakipeleka kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, kijana anayefanyia kazi chini ya mwembe, ili anipigie hesabu ya mbao na tujue banda litagharimu kiasi gani hapa kwetu.

Fundi aliiangalia simu muda mrefu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaigeuza. Ukuta wa mbao pande zote nne, wenye tabaka la kuzuia baridi katikati. Vidirisha viwili vya kuingia kiganja. Mahali pa kuning'iniza taa ya kuwapa kuku joto. Paa lenye mteremko mkali ili theluji isikae.

"Bosi," akasema, "hapa unataka kufuga au kuchoma?"

Alikuwa na haki. Mwili wa kuku una joto la nyuzi kama 41 akiwa mzima na hana hata tezi moja ya jasho. Joto likizidi hana la kufanya zaidi ya kuachia mabawa na kuhema mdomo wazi, na ukiona kuku wote wamekaa hivyo saa nane mchana mwezi wa Februari ujue unachelewa. Ndiyo maana banda la ukanda huu lina ukuta mfupi wa kufika magotini au kiunoni, juu yake ni wavu mtupu, na urefu wake unalazwa mashariki kwenda magharibi ili jua lipige kuta fupi tu. Lile banda la kwenye kitabu, ukilijenga Mbagala likajaa kuku, adhuhuri unaweza kuwaita watu waje na ndimu na pilipili.

Lakini kuta zinaweza kubadilishwa. Kilichokuwa kinanisumbua mimi ni vipimo, maana kila kitu kilikuwa futi na inchi, nikadhani fundi atakataa. Fundi akanicheka. Mbao zote anazonunua Buguruni zinaitwa kwa inchi, mbili kwa mbili, mbili kwa nne, moja kwa nane. Hajawahi kumsikia mtu akiomba ubao kwa sentimita. Akaniambia lete hela ya paini, tuanze na mlango na fremu yake tuone.

Tukaanza. Alikata kwa kufuata kitabu neno kwa neno, na mimi nilisimama pale na simu nikimsomea namba, kazi ambayo ingeweza kufanywa na jiwe la kuegemeza simu. Fremu ikakaa vizuri. Mlango ukakataa kuingia. Fundi akaupima, akapima fremu, akanitazama. Akapima tena. Akaning'ata sikio kwamba huenda nimemsomea vibaya, kwa hiyo tukabadilishana, yeye akashika simu nikapima mimi, na mlango ukakataa vilevile. Watu wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja anayeuza kahawa akatua birika lake akashauri tulowanishe mlango. Mwingine akasema tukaushe fremu. Bodaboda akasema tatizo ni paini, ingekuwa mninga ungeingia.

Jibu nililipata usiku. Huko Marekani kitabu kilikotungwa, ubao wa 2x4 hauna inchi 2 wala inchi 4. Ulikuwa nazo siku ulipopasuliwa. Baada ya kukaushwa na kupigwa randa pande zote unabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, lakini jina haukubali kulipunguza. Wao wenyewe wanajua, ni jambo la kawaida kwao. Sisi ubao wetu unatoka kwenye msumeno ukiwa na magamba yake, haujaguswa na randa, na upana wake ni kama unavyoitwa, ukijumlisha au kutoa hasira ya mpasuaji siku hiyo. Kwa hiyo kila mahali kitabu kilipoweka ubao, sisi tuliweka ubao mnene zaidi kwa nusu inchi. Nguzo mbili za mlango, inchi nzima imeliwa. Na banda zima lina nguzo ngapi?

Nilifurahi sana, kwa kweli. Niliona nimegundua kitu. Nikamwandikia yule bwana maswali mawili: vipimo vya kitabu chako ni vya jina la ubao au vya ubao wenyewe? Na je, una ramani ya sehemu zenye joto? Nikamweleza kwamba mimi siyo mteja tu, nina grupu, nataka kumletea watu. Nikaambatanisha picha ya mlango.

Yaliyofuata yamesomwa kwa sauti mezani kwangu.

Ila nilifanya na uchunguzi. Kwenye ukurasa wake wa kuuzia kuna kidirisha cha kuzungumza na mhudumu, na juu yake saa inayohesabu kurudi nyuma kwamba ofa inaisha ndani ya dakika 15. Ukifunga ukurasa na kufungua tena, dakika zinarudi 15, na ofa imepona. Nikaandika pale kwamba nataka kununua ila nina swali. Nilijibiwa kabla sijainua kidole. Karibu, kitabu ni kizuri, bonyeza hapa ulipie. Nikaandika kwamba samahani, nimekumbuka kwamba nimeshanunua, swali langu ni la mbao. Wahudumu wetu wote kwa sasa wana kazi. Nikafungua upya nikajifanya mtu mwingine anayetaka kununua. Karibu, kitabu ni kizuri.

Mpwa wangu, ambaye ameshapata hela ya pikipiki kwa biashara hizi, aliona nafanya shughuli nyingi isivyo lazima. "Mjomba, wewe tupia linki. Asiporidhika anadai hela yake sokoni, ana siku 60, muuzaji hata haulizwi. Sasa ukimya wake unakuhusu nini?"

Na ni kweli. Soko lile linarudisha hela, mimi mwenyewe nilidai ya kwangu na ikarudi bila maneno. Linarudisha na kamisheni pia, yaani mteja akirudishiwa hela, ile yako inang'olewa kwenye salio hata kama ulishaiwekea mipango. Mpwa akanionyesha na namba iliyo pembeni ya kila bidhaa, inayopanda kadiri watu wengi zaidi wanavyofanikiwa kuiuza siku za karibuni. Ya bwana wa kuku ilikuwa juu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Ana wapiga debe wengi, wanamletea watu kila siku bila kumuuliza habari ya mbao, na mimi ndiye pekee niliyekuja na picha ya mlango. Ningekuwa yeye, labda nisingejijibu.

Mke wangu aliniuliza swali moja tu, huku anachambua mchele. "Baba watoto, kama hamjibu anayemletea wateja, atamjibu aliyekwisha kulipa?" Kisha akaongeza, bila kuinua macho, kwamba wale wa grupu hawana namba ya Marekani, ila hapa kwetu wanapajua.

Wanapajua. Mama wa Chanika alishakuja saa kumi na mbili asubuhi na kuku aliyekufa ndani ya mfuko wa Rambo, akauweka barazani, akaniambia nimweleze ni mdondo au nini, kwa sababu mimi ndiye niliyesema grupuni kwamba chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho kila miezi mitatu. Hakuwa amechanja. Lakini alisoma kwangu, kwa hiyo maiti ilikuwa yangu. Huyo ndiye ningemuuzia mlango usioingia.

Na hapa kuna jambo ambalo sipendi kulichekea. Ili soko likubali kunilipa lilitaka nithibitishe ninapoishi. Kitambulisho nilituma. Wakataka bili ya umeme yenye jina langu, isizidi miezi mitatu. Bili ya umeme! Sisi umeme tunanunua kwa LUKU, unalipia kwenye simu unaletewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, taa inawaka, basi. Hakuna karatasi, hakuna jina. Bili ya maji ipo, ina jina la marehemu mwenye nyumba. Nikaandika barua ya kueleza LUKU ni nini, aya nne, nikiamini kuna mtu atakayevutiwa. Wakanijibu kwamba hati niliyoituma haikubaliki, pakia bili ya umeme.

Nilipofika sehemu ya kuchagua nchi ya kupokelea malipo nikashusha kidole: Switzerland, Taiwan, Tajikistan, Thailand. Nikadhani kidole kimeruka. Nikapandisha, nikashusha polepole. Tajikistan, Thailand. Siku nanunua kitabu Tanzania ilikuwepo kwenye orodha, tena na bendera yake ndogo. Kwa kutoa hela tupo duniani. Kuna njia za kuzunguka, kuna watu wa kati, kila mmoja na ada yake, na akaunti ikikaa kimya bila mauzo nayo inaanza kukatwa. Nilikaa nikawaza: mimi natakiwa kuonyesha ninapolala, kwa karatasi, kwa mtu ambaye mimi namjua kwa jina la kwanza na kuku. Kwenye semina tunaonywa tujihadhari na matapeli wa mtandaoni. Wao huko wanaonywa wajihadhari na sisi. Huenda barua zangu zote, na mguu wa mama humo ndani, ziliangukia kwenye kikapu cha barua taka kwa sababu tu ya mahali zilipotoka, na roboti peke yake ndiye aliyekuwa na utu wa kuzipokea.

Linki sikuitupia.

Baada ya hapo nilijaribu muuzaji wa mashine za kutotolesha vifaranga, aliyejibu kila kitu ndani ya dakika moja na kila jibu liliishia na namba ya kutumia hela. Kulikuwa na mwenye kozi ya kutengeneza chakula cha kuku, mtu mwema, ila alitaka niwe mteja wake wa maombi ya alfajiri. Na wa mafuta ya nywele, sijui tulifikaje huko.

Fundi yeye hakuuacha ule mlango. Aliupunguza randa, ukaingia, kisha akaliendeleza banda kwa akili yake: ukuta wa kufika magotini, wavu juu, paa la kawaida la bati na makuti juu yake kupunguza joto. Akaacha mteremko wa theluji, akatumia nguzo zetu kwa unene wetu. Banda likapendeza kuliko la kwenye kitabu. Nikalipiga picha, nikaiweka grupuni na namba yake ya simu. Bila kuki, bila siku 60. Tulikubaliana mdomo kwa mdomo elfu kumi kwa kila banda nitakalomletea, na ya kwanza alinipa jioni ile ile, noti moja, imekunjwa, ina vumbi la mbao.

Watu wakampigia. Akachukua malipo ya awali ya mama wa Chanika, akachukua ya mwalimu mmoja mstaafu wa Tabata, akachukua nyingine ambazo nazisikia sasa hivi. Halafu simu yake ikaanza kutuambia kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mwembe mtupu. Mama wa Chanika akanipigia mimi. Mwalimu hakupiga, alikuja.

Leo alfajiri nimekwenda naye Vingunguti, nyumbani kwa fundi, maana mzee wa kahawa anapajua. Tukauliza njia kwa wauza vitumbua, tukaonyeshwa. Tulimkuta uani, amechuchumaa kwenye bomba, mswaki mdomoni. Alipotuona alisimama na povu lake.

"Shikamoo mwalimu. Simu yangu haina chaji."

"Marahaba," mwalimu akasema. "Tangu Jumatatu?"

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akamwambia amalize tu kupiga mswaki, sisi hatuna haraka. Mke wa fundi akatoka na khanga, akaangalia nani kaja, akarudi ndani kuweka maji ya chai. Watoto wawili wakaja kusimama mbele ya mwalimu wakimwangalia miwani. Jirani wa chumba cha pili akauliza kwa sauti kama ni wale wa mabanda. Mbao zilikuwepo, nyuma ya choo, zimefunikwa kwa turubai, zote zimeshakatwa. Misumari ndiyo ilikuwa imekuwa unga wa ugali, na hilo fundi alilieleza mwenyewe, bila kuulizwa, akijipangusa povu kwa mkono. Mwalimu ametoa elfu tano ya misumari. Saa nne wanaanza.